Kwa nini utafiti upime kitu ambacho kila mtu anakiona kiko wazi?

Mwanagenzi26

Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo linanikereketa tangu juzi, naomba mawazo yenu hasa nyie mliowahi kufanya utafiti.

Niko mwaka wa mwisho chuo na juzi nilikuwa nawasilisha andiko langu la utafiti mbele ya paneli. Mada yangu ni kupima kama mwanafunzi anayerudia kusoma notsi zake mara nyingi anakumbuka zaidi kuliko anayesoma mara moja akaachia hapo. Nimefika slaidi ya tatu tu mjumbe mmoja akanikatisha, akasema kijana hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua, wewe unataka kutumia miezi sita kuja kutuambia kwamba maji yanalowesha? Ukumbi mzima ukacheka. Msimamizi wangu akaangalia chini. Nikaambiwa nikabadilishe mada nirudi baada ya wiki mbili.

Kicheko chenyewe hakikuniuma sana, kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu. Nilisimama pale na rimoti ya projekta mkononi natafuta neno la kusema sipati. Na usiku nikiwa nimelala nikaanza kuona labda wako sahihi, maana ukifungua habari kila wiki utakuta utafiti umebaini asiyelala vizuri hukosea zaidi kazini, sijui wanasayansi wamegundua upweke unaumiza, mpaka unajiuliza hivi kweli haya nayo yalihitaji wanasayansi?

Swali langu ni hili: ipo sababu ya maana ya kupima kitu ambacho kiko wazi kabisa? Au nikubali yaishe nitafute mada nyingine? Sitaki kufarijiwa wakuu, nataka hoja.

Mchumi_Asilia

Dogo pole kwa yaliyokukuta ila mimi nasimama na paneli. Watafiti wenyewe ni wachache, pesa za utafiti hazijawahi kutosha, magonjwa yasiyo na tiba yako kibao, halafu mtu anachukua fungu zima anaenda kuthibitisha kwamba usingizi ni muhimu. Kila senti inayokwenda huko imekosa kwenda kwenye swali ambalo kweli hatulijui jibu lake.

Na kuna mambo akili ya kawaida inatosha. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua watu mia, hamsini akawavalisha parachuti na hamsini akawasukuma hivihivi kutoka kwenye ndege ili aone nani atapona, na hakuna anayedai jaribio hilo lifanyike. Tunajua. Sasa kwa nini kwenye mambo mengine tujifanye hatujui?

Dada_Wodini

Mchumi nakuheshimu lakini ngoja nikusimulie, maana mimi ni nesi wa wodi ya watoto na hilo neno "tunajua" siku hizi linanitisha.

Mtoto analetwa usiku ana homa kali, amelegea, anahema kwa shida, ukimshika mikono na miguu ni ya baridi wakati kifua kinawaka. Unambonyeza kidole mpaka kinakuwa cheupe, unaachia, unahesabu moja, mbili, tatu, damu bado haijarudi. Maana yake mzunguko wa damu umeshuka, mwili uko kwenye mshtuko. Cha kufanya tulifundishwa na kilikuwa wazi mno: tafuta mshipa, funga dripu, ingiza maji mengi kwa kasi ili mishipa ijae na damu izunguke. Na ukifanya hivyo unaona kwa macho yako mikono inapata joto, kidole ukikibonyeza kinarudi rangi upesi, mama wa mtoto aliyekuwa amekukazia macho anashusha pumzi. Nani atakwambia hiyo siyo tiba? Miongozo ya kimataifa yenyewe ndivyo ilivyokuwa inasema.

Basi wakatokea watafiti, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, wakasema jamani hili halijawahi kupimwa sawasawa kwa watoto hawa. Wakafanya utafiti unaoitwa FEAST kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini (majimaji yenye protini ya damu) kwa kasi, na kundi la tatu hawakupewa maji ya kasi kabisa ila matibabu mengine yote walipata sawa na wenzao. Ndani ya saa 48 waliofariki kwenye kundi la albumini ni asilimia 10.6, kwenye maji ya chumvi asilimia 10.5, na kwenye lile kundi ambalo sisi tungesema limetelekezwa ni asilimia 7.3.

Hebu rudia kusoma hizo namba taratibu. Katika kila watoto mia tuliowakimbilia na dripu ya kasi, kama watatu zaidi walikufa.

Na kinachonikosesha raha mpaka leo ni kwamba macho yetu hayakuwa yanadanganya. Watafiti walipochambua data zao waliona kweli watoto waliopewa maji ya kasi dalili za mshtuko ziliisha mapema zaidi, ile saa ya kwanza walionekana wazima kuliko wenzao. Vifo vilikuja baadaye, wengi mzunguko wa damu uliporomoka tena saa kadhaa mbele. Sasa wewe nesi wa zamu ulishaona mtoto anapata joto, ukaandika kwenye faili amepata nafuu, ukahamia kitanda kingine. Akifariki alfajiri utasema alikuja amechelewa au ugonjwa ulikuwa mkubwa. Hutasema ni dripu. Hakuna nesi duniani mwenye wodi moja anayeweza kuona tofauti ya watatu kwa mia, hata akae miaka thelathini. Hiyo inaonekana tu pale mtu alipokaa akahesabu wote, wa huku na wa huku, mpaka mwisho.

Niweke na angalizo asije mtu akanielewa vibaya: utafiti ule haukuhusu watoto wanaoharisha na kuishiwa maji mwilini, hao maji wanayahitaji na wapewe.

Mwanagenzi mdogo wangu, ukirudi kwa paneli yako waambie kwamba neno wazi linaelezea jinsi mtu anavyojisikia kuhusu jambo. Halisemi chochote kuhusu jambo lenyewe.

Kocha_wa_Asubuhi

Dada umenitoa machozi kwa kweli.

Mimi nina kamfano kadogo tu. Miaka yote nimewanyoosha vijana misuli kabla ya mbio nikiamini nawakinga na majeraha, nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo. Kumbe Australia walichukua wanajeshi wapya 1,538, nusu wakawa wananyoosha misuli ya miguu kabla ya kila zoezi na nusu hawanyooshi, wakawafuatilia kwa wiki kadhaa, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Majeraha hayakutofautiana kwa maana yoyote. Hakuna aliyedhurika hapo, lakini dakika zile zote kila asubuhi tungezitumia kufanya kingine.

Sikio_la_Kale

Kabla sijachangia naomba mtu mmoja anijibu swali fupi, Mchumi ikiwezekana uwe wewe.

Wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani lilifanya utafiti mkubwa sana kwa wanajeshi wake, waliohojiwa ni mamia ya maelfu. Mojawapo ya matokeo: wanajeshi waliotoka mashambani walikuwa na moyo mzuri zaidi kwenye maisha ya jeshi kuliko waliotoka mijini. Hili lilihitaji utafiti au liko wazi?

Mchumi_Asilia

Liko wazi kabisa. Mtu wa shamba amezoea kuamka alfajiri, kulala pagumu, kazi za nguvu, na jua. Wa mjini amezoea raha. Hilo ungeniuliza ningekujibu bila kumhoji mwanajeshi hata mmoja, na ndiyo hoja yangu toka mwanzo.

Sikio_la_Kale

Asante kwa kujibu moja kwa moja mkuu, na nisamehe maana nimekupa matokeo yaliyogeuzwa. Data zilisema kinyume chake, waliotoka mijini ndio walikuwa na moyo mzuri zaidi. Na siyo mimi niliyebuni njia hii ya kuuliza, ni mwanasosholojia Paul Lazarsfeld mwaka 1949, alipokuwa anauchambua utafiti huohuo aliorodhesha matokeo kadhaa ya namna hiyo na kila moja akaliwekea sababu inayoingia akilini, msomaji akishaanza kusema sasa haya yana faida gani ndipo anamwambia yote niliyokupa ni kinyume cha yaliyopatikana.

Sasa angalia kilichotokea hapa. Ningekupa matokeo ya kweli mwanzoni ungeniambia nini? Ungesema liko wazi, mtu wa mjini amezoea kubanana na watu, kupangiwa saa, kupokea amri za mabosi, kwa hiyo jeshi halimsumbui. Na ingeingia akilini vilevile. Yaani akili yetu ina sababu kabatini kwa kila jibu, likija hili inatoa sababu hii, likija lile inatoa ile, halafu inatuambia ilijua tangu mwanzo. Kwa hiyo zile habari za "utafiti wabaini" ambazo Mwanagenzi amezitaja zinaonekana za kijinga kwa sababu tumeshaambiwa jibu kabla ya kuulizwa swali.

Hata hili lenyewe limepimwa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwapa watu habari ya vita vya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, vita ambavyo wasomaji hawakuvijua. Kila kundi likaambiwa mwisho tofauti, hawa wakaambiwa Waingereza walishinda, wale wakaambiwa Wagurkha walishinda na kadhalika, kisha wakaulizwa kwa habari mliyosoma ilikuwa na uwezekano gani kutokea hivyo. Watu waliegemea ule mwisho walioambiwa, na walikuwa wanaokota kwenye habari ileile vipande vinavyoubeba.

Hesabu_Kwanza

Uzi mzuri sana huu. Nafanya kazi ya kuchambua takwimu, nina mambo ya kuongeza, na naanza na parachuti ya Mchumi kwa sababu ni hoja nzito isiyotakiwa kupuuzwa.

Ni kweli parachuti haihitaji jaribio la kugawa watu kwa kura. Kwa nini? Kwa sababu tofauti yake ni kubwa kupindukia, inaonekana papo hapo, na hakuna kitu kingine kinachoweza kuieleza. Mtu akidondoka kutoka angani bila parachuti hutasema labda angekufa tu kwa sababu nyingine. Ila jiulize ni mambo mangapi unayoyajua yana sifa hizo tatu kwa pamoja. Mengi tunayoyaita wazi tofauti yake ni ndogo, inakuja polepole, na ina mambo kumi mengine yameshikana nayo. Dripu ya Dada Wodini ilionekana kama parachuti na haikuwa parachuti.

Halafu jaribio la parachuti lilifanyika kweli, Mchumi. Mwaka 2018 madaktari fulani walichapisha jaribio la watu 23 walioruka kutoka kwenye ndege, wengine na parachuti na wengine na mkoba mtupu mgongoni. Hakukuwa na tofauti yoyote ya vifo wala majeraha makubwa. Sababu ni kwamba ndege ilikuwa imesimama chini, wastani wa kimo walichoruka ni kama mita 0.6. Walifanya hivyo kwa makusudi ili kuonyesha shida ya kweli: kama kila mtu ameshaamini kitu, wanaokubali kuingia kwenye jaribio ni wale ambao hata bila hicho kitu hawana hatari, na jibu unalopata halimhusu mwenye hatari. Kwa hiyo ukisubiri mpaka imani ikomae ndipo upime unaweza kujikuta huwezi tena kupima vizuri. Ndiyo maana kitu kinatakiwa kupimwa mapema, kabla hakijawa "kila mtu anajua".

Sasa hili la pesa. Umehesabu gharama ya kupima, hujahesabu gharama ya kutokupima. Miaka ya themanini ilijulikana kwamba aliyepata shambulio la moyo, moyo wake ukiwa unapiga mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa ghafla. Na zilikuwepo dawa zinazoyatuliza hayo mapigo, unaziona kabisa kwenye mashine mistari inatulia. Madaktari wa Marekani walikuwa wameshaanza kuziandika kwa wagonjwa wao. Mapigo mabaya yanaua, dawa inayaondoa, basi dawa inaokoa, kuna nini tena cha kupima? Utafiti unaoitwa CAST ukapima. Na waliingizwa wale tu ambao dawa ilishaonyesha kwamba inawatuliza mapigo. Waliopewa encainide au flecainide walikuwa 755, wakafa 63. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 743, wakafa 26. Ndani ya wastani wa miezi kumi tu. Utafiti ulisimamishwa 1989 kwa dawa hizo mbili. Kila hatua ya ile hoja ilikuwa na mantiki, na mistari kwenye mashine ilitulia kweli, watu ndio hawakupona.

Na hata pale ambapo wazi ni wazi kweli, yaani mwelekeo uko sahihi, bado swali la kiasi gani linabaki. Leo kila mtu anasema sigara inaua, limekaa kama methali. Ila kumbuka daktari Mwingereza Richard Doll alipoanza kuutafuta uhusiano wa saratani ya mapafu mwishoni mwa miaka ya arobaini yeye mwenyewe alikuwa mvutaji na alidhani mkosaji atakuwa lami ya barabarani au moshi wa magari. Data zikamgeuza, akaacha sigara. Baada ya hapo wakawafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza 34,439 kuanzia 1951 kwa miaka 50, matokeo ya mwisho yakatoka 2004: mvutaji wa muda mrefu anakufa kama miaka kumi mapema. Ukiacha ukiwa na 60 unarudisha kama miaka mitatu, ukiacha na 50 sita, na 40 tisa, na 30 karibu yote kumi. Hakuna akili ya kawaida ambayo ingekupa hizo namba. Na mtu wa miaka 50 anayesema nimeshachelewa bora niendelee tu, kumwambia sigara ni mbaya hakumsaidii chochote, hiyo namba sita ndiyo inayoweza kumsaidia.

Mwalimu_Chaki

Nimefundisha sekondari miaka 22 na nimesoma uzi huu wote nikisubiri mtu aguse mada yenyewe ya kijana, naona hamjaigusa.

Mwanagenzi, hiyo mada uliyochekewa haiko wazi hata kidogo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, waliwapa wanafunzi kipande cha maandishi wakisome. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vyote vya kusoma, kwa wastani walikirudia mara 14. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, mara tatu na ushee, kisha vipindi vitatu vilivyobaki wanafunika karatasi na kuandika kila wanachokikumbuka bila kuangalia. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 na wale wengine 71. Umeona? Paneli yako iko sahihi kabisa, kwa dakika tano. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40 na wale waliojijaribu 61.

Na kabla ya kuondoka wanafunzi waliombwa watabiri watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi.

Hapo nilishindwa kuendelea kusoma siku ile, nikafunga kompyuta. Maana niliwakumbuka wanafunzi wangu wote niliowaambia someni tena, rudieni tena, someni mpaka ziingie. Nilikuwa na binti mmoja darasani, mtulivu, daftari lake limepigiwa mstari kwa kalamu tatu za rangi, njano juu ya kijani juu ya pinki mpaka karatasi imelowa wino na kujikunja. Usiku wa kuamkia mtihani ukimuuliza swali anakujibu vizuri. Mtihani wa mwisho wa muhula ukija anaandika nusu ukurasa anakwama, ananiangalia kama mtu aliyeibiwa. Mimi nikawa namwandikia kwenye ripoti "ongeza bidii". Bidii alikuwa nayo kuliko wote. Alikuwa anafanya hasa nilichomwambia afanye, na nilimwambia kwa sababu kilikuwa wazi na sikuwahi kufikiria kukipima.

Siku hizi dakika kumi za mwisho za kipindi madaftari yote yanafungwa, kila mtu anaandika anachokumbuka kwenye karatasi tupu, hakuna maksi. Mwanzoni walilalamika kwa sababu ukijijaribu unajiona hujui kitu, na ukirudia kusoma unajiona unajua. Hisia zao zilikuwa zinawaelekeza kinyume na kinachowasaidia. Hebu fikiria mtu anapataje kuligundua hilo kwa akili ya kawaida, wakati akili ya kawaida ndiyo inayojisikia vizuri pale inapodanganyika?

Usibadilishe mada. Badilisha swali lako tu. Usiulize kama kurudia kunasaidia, uliza kunasaidia ukilinganisha na nini, na baada ya muda gani.

Mchumi_Asilia

Mwalimu na Sikio mmenibana vizuri na nakubali, lile la wanajeshi sikuliona linakuja. Na hili la notsi mimi mwenyewe nilisoma hivyo maisha yangu yote.

Ila kuna kitu siwezi kukiachia. Tafiti za ovyo zinazopima yaliyo wazi zipo. Mtu anachukua watu ishirini anawauliza je kukosa usingizi kunakufanya ujisikie umechoka, wanasema ndiyo, anaandika ripoti. Hiyo nayo mtaitetea?

Hesabu_Kwanza

Hapana, hiyo siitetei na naona hapo ndipo ulipo ugomvi wako wa kweli. Shida ya utafiti huo ni kwamba umetengenezwa kwa namna ambayo haukuweza kutoa jibu lingine. Ukimuuliza mtu aliyechoka kama amechoka hujapima, umemwomba akubaliane na wewe. Angalia FEAST na CAST, zote mbili zilijengwa ili kama imani ni ya uongo ionekane: kuna kundi la kulinganisha, kura ndiyo inayogawa, na kinachohesabiwa ni kitu kigumu kisichobishaniwa, mtu yuko hai au amekufa. Halafu kulikuwa na kamati ya pembeni inayochungulia data kila baada ya muda. FEAST ilipangwa iwe na watoto 3,600 na ilisimamishwa kwenye 3,141 kwa sababu kamati iliona inatosha, kuendelea ingekuwa ni kuwadhuru watoto.

Kwa hiyo kigezo changu mimi ni kimoja, matokeo gani yangekufanya uache ulichokuwa unaamini? Mtafiti akikosa jibu la hilo mnyime pesa, hata kama mada yake inaonekana ngeni na ya kusisimua.

Dada_Wodini

Niongeze kidogo kwa Mchumi, hata watu wa wodini hawakumeza matokeo ya FEAST siku moja. Wapo waliosema watoto walichaguliwa vibaya, wapo waliosema kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu ingekuwa tofauti, na mabishano mengine yanaendelea. Ni haki yao. Ila sasa wanabishana wakiwa na namba mezani. Kabla ya hapo hakukuwa na mabishano kabisa, na ukimya ule ndio ulioendelea kuwaingizia watoto dripu.

Mwanagenzi26

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana wakuu wote, Dada, Sikio, Hesabu, Kocha, na Mchumi pia maana bila wewe nisingepata nusu ya haya.

Nimekesha naliandika upya andiko. Sasa nina makundi mawili, wanaorudia kusoma na wanaojijaribu bila kuangalia, muda uleule kwa wote, kura ndiyo inagawa, na napima mara mbili, siku hiyohiyo na baada ya wiki tatu badala ya wiki moja, kwa sababu mtihani wetu unakuja kama wiki tatu baada ya somo kuisha na nataka kujua kama tofauti inabaki mpaka hapo. Nimeandika pia matokeo gani yatanifanya niseme nilikosea.

Na nimepata wazo toka kwa Sikio. Kabla sijaanza kuwasilisha nitagawa karatasi ndogo kwa kila mjumbe wa paneli, naomba aandike kundi gani litafanya vizuri baada ya wiki tatu, akunje, aniachie. Sitazifungua siku hiyo, nitazifungua data zikishakamilika. Mnaonaje, au watanichukulia nina kiburi?

Mwalimu_Chaki

Sioni kiburi hapo, ilimradi nawe uandike ya kwako mbele yao, ukunje, uiweke pamoja na zao. Na waombe waandike namba, asilimia ngapi kwa kundi hili na ngapi kwa lile. Mtu akiandika jina la kundi tu, baadaye atasema alijua.